Tiba Mpya ya Selimundu: Tunayoingoja na Tuliyonayo



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, tokea mwisho wa mwaka 2023 kuna khabari inayozunguka katika simu za wazee wetu, na kila baada ya muda hurudi tena kama mpya. Khabari hiyo inasema kuwa maradhi ya selimundu, ambayo wengi wetu tumezoea kuyaita sikoseli, sasa yamepatiwa tiba, na kwamba wataalamu wanaweza kuingia ndani ya vinasaba vya mtu wakavikata kwa mkasi. Mzazi mwenye mtoto anayeumwa akisoma khabari hiyo moyo humwenda mbio. Huja kwa mwalimu na maswali matatu: Je, ni kweli? Je, ni halali? Na je, itafika kwetu lini?

Mimi ni mwalimu wa dini, si daktari, na makala haya hayachukui nafasi ya daktari. Lakini maswali yanapoletwa chuoni hayafai kuachwa bila ya jibu. Rai yangu naitaja mapema ili msomaji asihangaike kuitafuta. Tiba hii ni ya kweli na kuitaka ni jambo jema. Lakini haiwezi kumfaa mtoto ambaye hakupimwa, hakutunzwa, na hakuishi mpaka kufikia umri wa kutibiwa. Kwa hiyo kazi ya mwanzo ni yetu sisi wenyewe, na kazi hiyo tunaweza kuianza leo.

MARADHI YENYEWE

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya kitu kiitwacho himoglobini, kinachobeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Kila mtu amerithi maelekezo ya kutengeneza himoglobini kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Maelekezo hayo ndiyo jeni, na yameandikwa kwa mpangilio maalumu, mfano wa herufi katika ubao wa chuoni. Katika selimundu herufi moja tu imebadilika. Mwanafunzi wa Kurani anajua herufi moja ikibadilika inavyoweza kugeuza maana nzima. Na hapa herufi moja hugeuza umbo la chembe nyekundu. Badala ya kuwa duara laini, hupinda kama mundu wa kukatia majani, hukakamaa, na huziba njia ndogo za damu. Hapo ndipo mtoto anapolia kwa maumivu ya mifupa, macho yakawa ya manjano, damu ikapungua, na wengine hupata hata kiharusi.

Aliyerithi maelekezo yenye kosa kutoka kwa mzazi mmoja tu haumwi. Huyo madaktari humwita mbebaji, na humuandika AS. Aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa, naye huandikwa SS. Asiye na kosa lolote ni AA. Tuzishike herufi hizi mbili, kwani tutazihitaji tutakapofika kwenye khabari ya posa.

Kwa nini maradhi haya ni mengi kwetu? Jibu lake lilipatikana hapa hapa Afrika ya Mashariki. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichunguza damu za watu wa Kenya na Uganda, na mwaka 1954 akaeleza kwamba mbebaji wa AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mahali palipokuwa na malaria nyingi kwa karne nyingi, wabebaji waliishi na kuzaa zaidi, na herufi ile ikabaki. Ndiyo maana karibu robo tatu ya watoto wote duniani wanaozaliwa na selimundu huzaliwa Afrika kusini mwa Sahara. Kwa Tanzania hutajwa makadirio ya watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Basi anayesema kuwa maradhi haya ni jini, au ni kijicho cha jirani, au ni laana ya upande wa mama, hakusema kweli. Kosa lile limetoka pande zote mbili, na hakuna aliyelichagua.

MKASI MPYA

Sasa tuje kwenye swali la kwanza. Ni kweli. Mwaka 2012 wanasayansi wawili wanawake, Jennifer Doudna wa Marekani na Emmanuelle Charpentier wa Ufaransa, walionyesha namna ya kutumia chombo ambacho bakteria hujikinga nacho dhidi ya virusi, kikawa mkasi wa kukata vinasaba mahali panapotakiwa. Chombo hicho kinaitwa krispa. Mwaka 2020 walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia kwa kazi hiyo.

Mwezi wa Novemba 2023 Uingereza, na mwezi wa Disemba mwaka huo huo Marekani na Bahrain, ziliidhinisha tiba ya selimundu iliyotengenezwa kwa mkasi huu. Jina lake ni Casgevy, na iliidhinishwa kwa wagonjwa wa umri wa miaka 12 na zaidi. Saudi Arabia ikafuata Januari 2024. Katika wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha kabla ya idhini ya Marekani, 29 walipitisha angalau mwaka mzima bila ya kupata shambulio kali la maumivu, na hao kabla ya hapo walikuwa wakilazwa mara kwa mara.

Inafaa tuelewe inavyofanya kazi, maana ndani yake mna somo. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyengine, ya utotoni, ambayo haina kosa la selimundu. Baada ya kuzaliwa, mwili huifunga ile ya utotoni na kufungua ya ukubwani. Ndiyo maana mtoto mwenye SS huonekana mzima katika miezi ya mwanzo, kisha maradhi hujitokeza. Wataalamu hutoa kwa mgonjwa chembe mama za damu, wakazipeleka maabara, wakakata kile kinachoifunga himoglobini ya utotoni, kisha wakamrejeshea. Herufi yenye kosa haikufutwa, bali himoglobini ya utotoni imefunguliwa tena ifanye kazi.

JE, NI HALALI?

Swali la pili wamelijibu wanavyuoni kabla ya dawa hii kuwepo. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 15 kilichofanyika Makka mwaka 1998 (Rajab 1419), lilitazama uhandisi jeni. Likaruhusu kuutumia katika kukinga maradhi, kuyatibu au kupunguza madhara yake, kwa sharti kwamba usilete madhara makubwa zaidi. Likakataza kuutumia kwa shari na uadui, au kuchezea maumbile ya mwanadamu kwa kisingizio cha kuboresha kizazi. Na likasisitiza mambo mawili ambayo tutayarejea: ridhaa ya mwenyewe, na kuificha siri ya majibu yake.

Kwa hiyo wale wanaosema kuwa kila kugusa vinasaba ni kugeuza maumbile ya Mwenyezi Mungu, wanachanganya vitu viwili. Kumtibu mgonjwa chembe za damu yake ni tiba, kama vile kumpandikizia uloto au kumpasua jicho lenye mtoto wa jicho. Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kujitibu, na kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila ya dawa yake, asiyeijua haijui na anayeijua anaijua.

Jambo la pili ni kubadilisha mimba changa kiasi ambacho badiliko linarithiwa na wajukuu na vitukuu. Hilo ndilo alilolifanya mwanasayansi wa China, He Jiankui, aliyetangaza mwezi wa Novemba 2018 kuwa watoto pacha wamezaliwa baada ya yeye kubadilisha vinasaba vyao. Wanasayansi wenzake ulimwenguni walimlaumu, na Disemba 2019 mahakama ya nchi yake ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu. Mtoto ambaye hajazaliwa hakuulizwa, na madhara yake hayajulikani mpaka kizazi kingine. Hapo hata wasiokuwa na dini waliona kuwa mpaka umevukwa.

KWA NINI BADO IKO MBALI

Swali la tatu ndilo gumu zaidi. Wazee wenye matumaini hawapendi kulisikia jibu lake, lakini kuwaficha si kuwahurumia.

Kwanza ni bei. Marekani tiba hii ilipoidhinishwa ilitangaziwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hakuna familia ya Unguja inayoweza kuchangishana fedha hizo, hata ukikusanya mahari ya mtaa mzima. Uingereza yenyewe, pamoja na utajiri wake, ilingoja mpaka Januari 2025 ndipo huduma ya afya ya serikali kwa Uingereza ikakubali kuigharimia kwa baadhi ya wagonjwa wa selimundu.

Pili ni kazi yenyewe. Si sindano wala vidonge. Mgonjwa hutolewa chembe kwa mashine, pengine mara zaidi ya moja, zikapelekwa kiwandani na kukaa huko kwa miezi. Kisha hupewa dawa kali, ya jamii ya zile za saratani, ili kusafisha uloto wake upate nafasi ya kupokea chembe mpya. Katika siku hizo hana kinga, na hukaa hospitali kwa wiki kadhaa katika chumba safi, akiwa na damu ya akiba tayari na wauguzi waliofunzwa. Dawa ile kali inaweza kumharibia uwezo wa kuzaa. Hospitali inayoweza haya yote haijengwi kwa siku moja.

Tatu, na hili wengi hawalijui: aliyetibiwa damu hakutibiwa uzazi. Herufi yenye kosa imo bado katika mbegu zake. Kijana mwenye SS aliyepona maumivu kwa mkasi huu, akioa mbebaji wa AS, kila mimba yao ina nafasi nusu kwa nusu ya kuzaa mtoto mgonjwa. Kwa hiyo hata siku tiba hii itakapofika bandarini Malindi kwa bei ya mchele, suala la kupima kabla ya ndoa litabaki pale pale.

Sisemi haya kuwakatisha tamaa. Wataalamu wanatafuta njia ya kupeleka mkasi ndani ya mwili kwa sindano, bila ya kutoa chembe na bila ya dawa kali. Mwaka 2025 ilitangazwa kuwa mtoto mchanga mmoja huko Philadelphia alitibiwa maradhi mengine adimu ya kurithi, ya ini, kwa njia ya kuupeleka ndani ya mwili. Ikiwezekana hivyo kwa selimundu, bei na shida vitapungua. Na hapa kwetu Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Njia hiyo huhitaji ndugu anayelingana naye, na kwa kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja nafasi ya kulingana kikamilifu ni moja kwa nne. Mlango unafunguka. Lakini unafunguka polepole, na mtoto anakua leo.

SOMO LA MBUNG'O

Wazee wa Unguja wanakumbuka mbung'o. Inzi huyu alikaa katika msitu wa Jozani na vichaka vyengine vya kisiwa, akawapa ng'ombe nagana, na wafugaji wakapata khasara kubwa. Kati ya mwaka 1994 na 1997 ndege ilikuwa ikiruka juu ya kisiwa na kumwaga mbung'o madume waliokuwa wamefugwa Tanga na kupigwa mionzi ili wasizalishe. Jike akipandwa na dume huyo hapati kizazi. Walimwagwa madume zaidi ya milioni nane. Mbung'o wa mwituni wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o.

Ule haukuwa uhandisi jeni, ilikuwa mionzi, lakini ni mfano wetu wenyewe wa sayansi ngeni iliyofaulu. Na mara nyingi tunaihadithia nusu yake tu. Kabla ya ndege kuruka, miaka ilipita ya kazi ya kawaida kabisa: ng'ombe kupakwa dawa mgongoni, na vitambaa vilivyotiwa sumu kutundikwa msituni, mpaka mbung'o wakapungua sana. Hapo ndipo madume wa mionzi walipoweza kuwazidi wale wa mwituni na kuimaliza kazi. Lau wangeanza na ndege na kuyaacha ya vitambaa, fedha zingeteketea na mbung'o wangekuwepo hadi leo.

Na selimundu ni hivyo hivyo. Mkasi wa vinasaba ni ile ndege. Kupima, kukinga na kutunza ndivyo vitambaa. Anayengoja ndege na hataki kutundika vitambaa anajidanganya.

TULIYONAYO MKONONI

Pasipo uchunguzi na matibabu, wataalamu hukadiria kuwa nusu au zaidi ya watoto wenye selimundu katika Afrika hufariki kabla ya kutimia miaka mitano. Tiba ya krispa iliidhinishwa kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Hesabu hiyo haihitaji ualimu: aliyefariki na miaka minne hawezi kutibiwa na miaka kumi na mbili. Basi kitu gani humfikisha?

La kwanza ni kujua mapema. Vipo vipimo vya tone la damu ya kidole au kisigino vinavyotoa jibu kwa dakika chache. Nyumba yenye mgonjwa, au iliyowahi kupoteza watoto kwa upungufu wa damu na homa, isingoje mtoto aumwe. Mtoto mchanga apimwe.

La pili ni kinga. Mtoto mwenye SS hupewa dawa ya penisilini kila siku mpaka afike miaka mitano, kwa sababu maambukizo ya kawaida humuua haraka. Apate chanjo zake zote, alale ndani ya chandarua, atumie foliki asidi kama alivyoelekezwa, na akipata homa apelekwe hospitali siku ile ile, usiku ukiwa usiku. Alhamdulillahi Zanzibar imepunguza malaria kwa kiasi kikubwa tokea miaka ya 2000, na hiyo peke yake ni neema kwa watoto hawa, kwani malaria ndiyo huwaangusha. Lakini mbu hawajaisha, na wageni na wasafiri wanaendelea kuileta.

La tatu ni dawa iitwayo haidroksiyurea, na hapa naomba msomaji asome polepole. Dawa hii ni kidonge cha kumeza. Kazi yake kubwa ni kuamsha himoglobini ya utotoni, ile ile inayofunguliwa na mkasi wa dola milioni mbili. Haiamshi kwa ukamilifu kama mkasi, na huhitaji kunywewa kila siku na damu kupimwa mara kwa mara. Lakini inafanya kazi. Utafiti uliotolewa mwaka 2018, uliofanywa kwa watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Uganda na Kilifi katika pwani ya Kenya, ulionyesha kuwa watoto walioitumia walipata maumivu machache, malaria chache, waliongezwa damu mara chache, na vifo vilipungua. Hao ni watoto wa mazingira kama yetu, wa pwani kama yetu. Mzazi anayeulizia krispa kila wiki na hajawahi kumuuliza daktari juu ya haidroksiyurea ameruka ngazi ya kwanza akataka ya kumi.

Na haki ya serikali isemwe pia. Dawa hii, vipimo vya watoto wachanga na damu salama ya akiba vinapaswa kupatikana kwa kila mtu, wa Mkunazini na wa Makunduchi, wa Nungwi na wa Kizimkazi. Wakubwa wakiulizwa na wananchi wengi kwa adabu na kwa kurudia, husikia. Na sisi wenye afya tuna wajibu wetu: kuchangia damu. Chupa moja ya damu yako haihitaji maabara ya Ulaya.

KABLA YA POSA

Nimefika kwenye jambo ambalo najua litawakera baadhi ya wazee, lakini nitalisema kwa heshima.

Mbebaji wa AS akioana na AA, hakuna mtoto wao atakayekuwa mgonjwa. Mbebaji akioana na mbebaji mwenzake, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto mgonjwa, mbili katika nne ya mbebaji, na moja katika nne ya asiye na kosa. Na kila mimba huanza upya. Wapo wanaodhani kuwa wa kwanza akiumwa basi watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Huenda wote wanne wakaumwa, na huenda wasiumwe hata mmoja.

Wengi wetu tunaoana ndani ya ukoo, mtoto wa ami na mtoto wa shangazi. Sharia imeruhusu na mimi siwezi kukataza kilichoruhusiwa. Lakini ikiwa ukoo una mgonjwa, basi uwezekano wa wabebaji wawili kukutana katika ukoo huo ni mkubwa zaidi, na kupima ni lazima zaidi.

Saudi Arabia imefanya kupima kabla ya ndoa kuwa sharti tokea mwaka 2004. Wachumba hawalazimishwi kuachana. Wanapewa majibu na ushauri, kisha wanaamua wenyewe. Mwaka ule wa mwanzo, kati ya wachumba walioonekana kuwa katika hatari, chini ya mmoja katika kumi ndio waliovunja posa. Kufikia mwaka 2009 walikuwa zaidi ya nusu. Oman, walipo jamaa zetu wengi, nayo iliufanya uchunguzi huo kuwa wa lazima kuanzia Januari 2026. Nchi hizi zina fedha za kununua tiba yoyote duniani, na bado hazikuacha kupima.

Kwa nini mwanzoni watu hawakuvunja posa? Kwa sababu walipima wakati umekwisha. Nasi tunaijua hali hiyo. Mahari yamepelekwa, kadi zimegaiwa, nguo za sare zimeshonwa, biriani imeshaagizwa, ndipo majibu yanafunguliwa. Nani atathubutu? Kwa hiyo rai yangu ni kwamba kijana wa kike na wa kiume ajue herufi zake kabla ya mshenga hajatoka nyumbani, wala si wiki ya harusi. Ajue akiwa skuli ya sekondari, kama anavyojua kundi lake la damu.

Kuna pingamizi moja lenye uzito. Wengine wanasema kupima kutawadhalilisha wasichana: msichana akijulikana ni AS, mtaa mzima utamkimbia. Hofu hii ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Jibu lake ni mambo matatu. Mbebaji si mgonjwa wala si mwenye aibu, na mbebaji anaweza kuolewa na AA bila ya khofu yoyote. Pili, apimwe mwanamme kwanza. Akiwa AA, hapana haja ya kumsumbua binti wa watu kwa jambo hili. Tatu, majibu ni amana. Wanavyuoni wa Makka walioruhusu tiba ndio hao hao walioamrisha siri. Anayeyatoa majibu ya mtu na kuyapeleka barazani amefanya dhambi ya kusengenya na khiyana ya amana kwa pamoja.

Na wabebaji wawili wakiamua kuoana baada ya kujua, ndoa yao ni halali na hakuna wa kuwanyooshea kidole. Lakini wataingia wakijua, watampima mtoto tokea siku za mwanzo, na hawatasubiri mpaka wamzike ndipo wajue alikuwa akiumwa nini. Na mume hatamtaliki mke wake kwa kumzulia kuwa ameleta maradhi, kwani atajua kuwa nusu ya maradhi ni yake.

WALIMU NA WANAFUNZI

Walimu wenzangu, mtoto huyu tunaye vyuoni mwetu. Ni yule anayekosa siku nyingi, anayechoka haraka, anayeomba ruhusa ya kunywa maji na kwenda msalani mara kwa mara. Tusimpige bakora kwa utoro kabla ya kumuuliza mzazi. Maji ni dawa kwake, basi tumuache anywe. Kipupwe kikiingia asikalishwe penye upepo wa dirisha, na asilazimishwe kukimbia kama adhabu. Ramadhani ikifika tusimuhimize afunge ili asionekane mdogo mbele ya wenziwe. Kukaukiwa na maji huanzisha maumivu, na dini yetu imemfanyia mgonjwa wepesi. Wazazi wamuulize daktari, kisha wafuate.

Na nyinyi wanafunzi, mwenzenu akikosa, mpelekeeni somo lake nyumbani. Msimwite majina kwa ajili ya macho yake ya manjano. Akikataa kupiga mbizi nanyi pale Forodhani si kwamba ni mwoga. Maji ya baridi kwa muda mrefu humdhuru.

Nina ombi jengine kwenu. Khabari hizi zote za mkasi tumezipokea kutoka nje, na ilhali wagonjwa wengi wako kwetu. Someni baiolojia na kemia kwa bidii ile ile mnayosomea tajwidi. Mtu wa Unguja aliyehifadhi juzuu na akajua kusoma vinasaba atawafaa watu wake kuliko mimi mwenye makala haya, na atajua wapi pa kukata na wapi pa kusimama.

Basi wazee, msiache kuomba na kutumai tiba ijayo. Lakini wiki hii, kabla ya kuupeleka tena ule ujumbe wa simu kwa jamaa, nendeni hospitali iliyo karibu nanyi mkaulize mambo mawili: kipimo cha herufi kinafanywa siku gani, na mtoto wetu anastahiki haidroksiyurea au la. Mwenye kijana anayetafuta mke aulize la tatu.

Mwenyezi Mungu awaponeshe wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaofunga ngamia wao kisha wakategemea.

Wabillahi tawfiq.